Daftari la Juu na Daftari la Chini

Mwanangu Mwanaidi,

Wewe na mama yako mmeondoka asubuhi hii kwenda Sindeni kumuaga shangazi yako, mkaniachia kazi moja tu, kulifunga kamba lile sanduku lako ambalo bawaba yake imekatika. Kamba nimeshaifunga. Sasa nimeifungua tena, maana nataka barua hii ikae chini kabisa, chini ya ile kanga aliyokupa mama yako, na kuna mengi ya kuandika kabla hamjarudi. Mkono wangu haujapata kuogopa karatasi tangu nijue kusoma. Leo unaogopa.

Sitakuandikia habari za kula na kulala huko Dar es Salaam. Hayo mama yako amekwishakueleza mpaka umeyakariri, pamoja na namna ya kukificha kile kipande cha sabuni alichokuwekea. Mimi nina jambo moja, na nimekaa nalo miaka tisa. Ukilijua huenda usiniamkie tena kwa moyo uleule. Usipolijua, utakwenda kushika kazi ya orodha za watu ukiamini kuwa baba yako alikuwa karani safi, na hilo siwezi kulivumilia.

Unakumbuka juma lililopita tulipokuwa tunapukuchua mahindi uani, ukaanza kunieleza hiyo kompyuta ya kozi yenu ya ukarani. Ulisema mashine yenyewe haijui kitu. Ndani yake kuna programu inayotunza orodha, na programu hiyo hubadilishwa kila baada ya muda, ikaletwa nyingine yenye jina lilelile.

"Baba," ukasema, "mwalimu wetu anatuambia, kabla hujaiuliza jina la mtu hata mmoja, iulize kwanza ni toleo gani la programu limewekwa humo ndani. Unaandika amri fupi tu, inakujibu kwa namba. Ukiruka hapo, unaweza kuisoma orodha nzima vizuri kabisa, kumbe umekosea toka mwanzo."

Nikakuuliza, "Na mtu akisahau kuuliza?"

Ukacheka. "Basi anaumia yule ambaye jina lake halikutoka."

Nikaliweka gunzi chini, nikanyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba. Mama yako alikuambia ni mgongo. Haukuwa mgongo. Nilisimama nimeshika ukuta, kwa sababu ulikuwa umelisema kosa langu lote kwa maneno machache huku unacheka, wala hukujua.

Ulikuwa darasa la tatu tulipohamia kijiji hiki. Watu walitoka kila bonde, wengine kwa hiari, wengine wakiburuta miguu, wakajenga kwa mistari kama walivyoelekezwa. Mimi nilikuwa karani wa kijiji, na nilijiona mtu. Daftari la kaya nililiandika mwenyewe, kwa wino wa buluu, na mwandiko ule ambao wewe hunitania kuwa una kiburi kuliko mwenyewe. Wageni walipofika nililitoa sandukuni likiwa limefungwa katika kitambaa, nikalifungua mbele yao. Kuna afisa mmoja aliwahi kusema hajaona daftari zuri kama lile wilaya nzima. Nililala na sifa hiyo juma zima.

Baadaye ikaja amri kwamba nyumba zimepewa namba, kwa hiyo kila kijiji kiandike daftari upya. Nikaandika la pili. Hilo sikulipenda. Tuliliandika haraka, tukipita nyumba kwa nyumba na mabalozi wa nyumba kumi, siku nyingine chini ya manyunyu, jalada likaingia maji na kupata doa kubwa. Lakini ndilo lililokuwa sahihi. Ukurasa wa kwanza, kwa mkono wangu huuhuu, niliandika: Daftari la Pili. La kwanza lisitumike tena.

Ilinipasa kulichoma la kwanza, au walau kulipeleka wilayani. Sikufanya hivyo. Niliona uchungu. Nikayaweka yote mawili katika sanduku moja la bati, la pili chini, la kwanza juu, ili mgeni akija aone lile zuri. Majalada yalikuwa ya rangi moja. Huo ndio mwanzo wa yote, na ukiniuliza kwa nini, sina jibu zaidi ya hili: nilipenda mwandiko wangu.

Kaya ya mwisho kuhamia hapa ilikuwa ya Mzee Mhina. Baba yake Zaina. Najua umeshtuka kuliona jina hilo, nami limenichukua muda kuliandika. Mhina alikawia kwa sababu mkewe alikuwa na homa na hakutaka kumbeba mgonjwa juani, lakini watu walisema ni mkaidi. Alipofika, daftari la kwanza lilikuwa limeshafungwa. Nilimwandika katika la pili. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akataja jina lake, la mkewe na la Zaina, watu watatu. Hakujua kuandika, nikamwekea kidau cha wino akatia dole gumba. Akalitazama lile dole likikauka, akasema, "Sasa nami ni mtu wa hapa." Ninyi wawili, wewe na Zaina, mlikuwa mnachora mchangani mlangoni pa ofisi. Mlikuwa mmefahamiana siku hiyohiyo.

Kisha mvua ikakata. Hilo unalikumbuka mwenyewe, huna haja ya kuandikiwa. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na tukala mizizi ambayo bibi yako ndiye aliyekuwa bado anajua majina yake. Ndipo likaja lori la unga wa njano, unga wa msaada, na afisa akasema anataka orodha ya kaya mara moja, kwa sababu lori lina vijiji vingine vinne mbele.

Mwanangu, nilifungua sanduku la bati nikalichukua daftari la juu. Sikutazama ukurasa wa kwanza. Ningetazama, ingenichukua muda usiozidi wa kumeza mate. Lakini watu walikuwa wamejipanga, afisa amesimama, nami nilitaka aone jinsi karani wa kijiji hiki anavyojua kazi yake. Nikaanza kusoma majina kwa sauti, haraka, bila kukwama. Kila kaya ikapewa unga kwa idadi ya watu wake. Nilisoma vizuri sana siku ile.

Mhina alisimama na gunia lake tupu mpaka majina yakaisha. Akaja mezani.

"Karani, mimi sijaitwa."

Nikafunua, nikafunua tena. "Jina lako halimo, mzee."

"Salehe, si uliniandika wewe mwenyewe? Nilikaa kwenye kigoda. Nikatia dole."

Afisa akaniangalia. Nyuma ya Mhina watu wakaanza kunong'ona, mmoja akasema huyu si ndiye aliyekataa kuhama, amekuja kwa nguvu, bila shaka hata kujiandikisha hakujiandikisha. Nami nikasema neno ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa natawadha, nikiwa nalima, nikiwa nakutazama wewe ukila. Nilisema, "Mzee, daftari halidanganyi."

Alilikunja gunia lake vizuri, likaingia kwapani, akaenda zake.

Siku ya tatu yake nilikuwa nayarudisha mambo mahali pake. Nikalinyanyua lile la chini ili nikung'ute vumbi la mchwa, likafunguka. Kaya ya mwisho. Mhina, mkewe, Zaina. Watu watatu. Dole gumba.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kuwa mtu aliyekosea nikawa kitu kingine. Kulichukua daftari la juu lilikuwa kosa, na mtu hukosea. Siku ile ya tatu unga ulikuwa bado upo. Magunia mawili yalibaki stoo kwa ajili ya wagonjwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nyumba ya Mhina iko mwendo mfupi tu, ungeweza kumwita kwa sauti kutoka ofisini. Ilikuwa ninyanyuke niseme, nimekosea, huyu mtu yumo. Basi. Wangenicheka, labda wangenifukuza ukarani.

Sikunyanyuka. Wakati ule neno hujuma lilikuwa halikauki midomoni mwa watu, na nilijiona tayari nimesimamishwa mbele ya mkutano. Niliwafikiria ninyi, nilijiambia hivyo, lakini kusema kweli nilimfikiria yule afisa na sifa zake. Nikajiambia lori la pili litakuja baada ya siku chache, nitamwingiza Mhina kimyakimya, na hakuna atakayejua. Halafu nikachukua wembe, nikaukata ukurasa ule, ili mkaguzi akija asiukute.

Ndiyo. Niliukata. Nilimfuta Mhina mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimeangalia vizuri.

Lori la pili halikuja baada ya siku chache. Wewe ulikuwa unakula ule ugali wa njano, unaukunjia uso kwa sababu ya harufu yake, na kila siku unamwekea Zaina ukoko katika jani la mgomba. Ulidhani sikuoni. Nilikuwa nakuona. Siku moja ulirudi na jani lako likiwa bado limefungwa, ukasema mlango wa kina Zaina umefungwa kwa kamba.

"Wamekwenda wapi, baba?"

"Wamehama."

"Bila kuniaga?"

Nikakuambia watu wengine ndivyo walivyo. Hilo nalo niombe radhi, kwani kwa miaka yote umeamini kwamba rafiki yako alikuacha bila neno. Zaina hakukuacha. Walitoka alfajiri kwa miguu kuelekea Korogwe, wapande milimani Bungu kwa ndugu wa mama yake, ambako walisikia ndizi bado zipo. Mtoto alikuwa ameshadhoofika. Njiani alikunywa maji ya dimbwi, akaanza kuharisha. Hawakufika Bungu naye. Walimzika kando ya mashamba ya mkonge kabla ya mto, watu wasiowajua ndio waliowasaidia kuchimba.

Nimesimamisha kalamu kidogo. Nilitoka nikaenda kuwaangalia kuku, nikarudi. Hakuna cha kufanya na maneno hayo ila kuyaacha hapo.

Unauliza nimeyajuaje. Ni shangazi yako. Yeye huenda sokoni Korogwe na mihogo yake, na huko alionana na Mama Zaina, ambaye sasa anakaa Masuguru, palepale Korogwe, anauza vitumbua. Shangazi yako hajui lolote kuhusu daftari, alinisimulia tu kama mtu anayesimulia habari za watu. Alisema Mama Zaina alimwacha mumewe mwaka uleule. Alidai talaka mpaka akapewa. Alimwambia shangazi yako kwa mdomo wake, "Mwanangu aliuawa na ukaidi wa baba yake. Wenzake wote walijiandikisha, yeye akaona tabu kukaa kwenye kigoda."

Na Mhina naye? Alibaki Bungu, akilima vibarua. Kila aliyemsikiliza alimwambia, mimi niliandikwa, nilitia dole. Watu wakamfanya mzaha wao, wakimwona tu wanamwonyesha dole gumba. Shangazi yako anasema mwishoni hata yeye mwenyewe alianza kuuliza, hivi kweli nilitia, au niliota? Alifariki mwaka jana wakati wa masika. Mama Zaina alipelekewa habari, hakwenda kuzika.

Niliposikia hivyo nilikaa siku mbili sili. Mama yako akadhani ni homa, akanichemshia mwarobaini, nikaunywa, nikashukuru ule uchungu. Mwanaidi, mimi si mtu mbaya. Nimekuwa nikijiambia hivyo miaka tisa na sasa naliandika nione kama litasimama kwenye karatasi. Sijui. Nimesali, nimefunga sunna, nimewasomesha watu wazima ngumbaro bila malipo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomfikia Mhina.

Umewahi kuniuliza kwa nini siendi Korogwe. Mbolea namtuma mtu, dawa namtuma mtu, hata mjomba wako alipolazwa kule nilisingizia mgongo na mama yako akanuna mwezi mzima. Sasa unajua. Naogopa kukutana na mwanamke mmoja anayeuza vitumbua.

Huko uendako utakuwa na mashine inayojibu ukiiuliza, jambo ambalo sanduku langu la bati lisingeweza. Iulize. Iulize hata siku umechoka, hata bosi amesimama nyuma yako anaangalia saa, hata kama jana uliiuliza na unaona ni upuuzi kuuliza tena. Wakikucheka kwamba wewe ni mwoga, wakucheke. Na akija mtu akasema, dada, mimi nimo, nawe unaona hayumo, usimjibu kama nilivyojibu. Muda huo, kabla hujafungua mdomo, rudi ukaangalie umesoma kutoka kitabu gani. Mimi niliiamini karatasi kwa kuwa niliiandika mimi. Mhina alikuwa na macho yake na dole lake, nami sikuona kuwa hivyo navyo ni ushahidi.

Na utakosea. Sikuombei, lakini utakosea, hakuna karani asiyekosea. Ukigundua, nenda siku hiyohiyo, hata nguo ikiwa imelowa jasho, hata sauti ikiwa haitoki. Mimi nilikuwa na siku moja ya kusema. Ilikuwa rahisi, naiona sasa ilivyokuwa rahisi. Kesho yake ikawa ngumu kidogo, juma lililofuata likaniwia zito, na mlango ulipofungwa kwa kamba nikawa sina tena wa kumwambia. Siandiki haya kama mwalimu. Nayaandika kama mtu aliyezama anayekuonyesha mahali penye kina.

Mchana unaishia. Nasikia watoto wa jirani wanarudisha mbuzi, nanyi hamko mbali. Nimalize.

Juzi nilipokuambia nitakusindikiza mpaka stesheni ya Korogwe ulinitazama kama umesikia vibaya, halafu ukafurahi ukanishika mkono. Ulifikiri ni kwa ajili yako tu. Ni kwa ajili yako, Mungu anajua, lakini si kwako peke yako. Ule ukurasa nilioukata kwa wembe sikuuchoma. Mara nyingi niliusogeza motoni nikaurudisha. Umekaa miaka yote ndani ya kofia yangu ya Ijumaa, kati ya kitambaa na bitana, na nimesali nao kichwani. Leo nimeifumua ile bitana. Wino wa majina umepauka, lakini dole bado linaonekana, na mistari yake yote.

Nimekuwa nikijidanganya kuwa nitayasema haya wewe ukimaliza shule, kisha ukipata kazi, ili aibu yangu isikuharibie. Sasa shule umemaliza na kazi umepata. Sina mtu tena wa kujificha nyuma yake. Ukisikia huko kuwa baba yako amesimama mbele ya kijiji akasema mambo, usishtuke. Mama yako nitamwambia nikirudi. Naye ana haki ya kununa, safari hii kwa zaidi ya mwezi.

Sikuombi unisamehe. Niliyemkosea kwanza amelala Bungu, na mwingine amelala kando ya mkonge, na wewe uliibiwa rafiki ukaambiwa hakukuaga. Ninachokuomba ni kidogo. Ukiandika barua, iandike kwa Baba, ukiweza. Usipoweza, iandike kwa mama yako, nami nitaisoma kwa sauti kama kawaida, sitasema kitu.

Kesho stesheni nitakuambia ufungue chini ya kanga treni ikishaondoka. Kwa hiyo wakati unaposoma hapa, tumeshaagana, na mimi nimeshatoka stesheni. Nimevaa kofia yangu, ni nyepesi sasa. Ukurasa niko nao mkononi, sikuukunja. Niko Masuguru, nawauliza watu nyumba ya Mama Zaina ni ipi, ili nikamwambie kwamba mume wake alikaa kwenye kigoda.

Baba yako,
Salehe